Ruta ya zamani yenye OpenWrt imegoma: soma dalili kabla ya kuflashi upya

Ruta nyingi zinazotupwa kwa madai kwamba zimeuawa na programu dhibiti ya jamii kama OpenWrt (mfumo huria wa Linux unaochukua nafasi ya ule wa kiwanda) bado ni nzima. Mara nyingi kilichokatika ni mawasiliano tu: kompyuta iko kwenye anwani nyingine, Wi-Fi haijawashwa, au hifadhi imejaa na mipangilio haiandikiki. Ukikimbilia kuflashi (kuandika upya mfumo wa ruta) kila unapokwama, tatizo la dakika tano linaweza kuwa kazi ya kufungua kasha na kulehemu waya. Kwa hiyo tunaanzia kwenye dalili, na kila mara swali la kwanza ni hili: ndani ya ruta, nani bado anajibu? Ni butiloda (ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo), keneli (kiini) ya Linux, mtandao wa waya, au redio ya Wi-Fi? Njia ya kuirudisha ruta inapitia kwa huyo anayejibu.

Geuza ruta, soma lebo

Jina la modeli peke yake halitoshi. Kinachoamua ni namba ya toleo iliyo kwenye lebo chini ya kasha, kwa kawaida baada ya "Ver" au "V". TL-WR841N v9 ya TP-Link ina MB 4 za flashi (hifadhi ya kudumu) na MB 32 za RAM, na chipu yake ni ya Atheros. v13 ina MB 8 na MB 64, chipu ya MediaTek. v14 ikarudi kwenye 4 na 32. Linksys WRT54G v4 ilikuwa na MB 4 za flashi na MB 16 za RAM. V5 ikapunguzwa hadi 2 na 8. Faili la toleo moja likiingia kwenye toleo jingine, ruta inaweza isiamke tena.

Namba hizo mbili, flashi na RAM, zinaeleza zaidi ya nusu ya matatizo yaliyo hapa chini. OpenWrt 19.07 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kutoa mafaili rasmi kwa ruta za 4/32, na matengenezo yake yalikoma mwaka 2022. Kuanzia 21.02 kiwango cha chini ni MB 8 za flashi na MB 64 za RAM. Ruta ya 4/32 bado inafaa kusambaza Wi-Fi au kuwa swichi nyuma ya ruta nyingine inayopokea masasisho. Kuiweka mlangoni, ikitazama intaneti moja kwa moja kwa mfumo usiozibwa tena mianya ya usalama, hatushauri hata kidogo.

Angalia pia chipu ya redio. Kwenye Broadcom nyingi za zamani, draiva huria ya b43 haifikii kasi za 802.11n. Ukiweka OpenWrt kwenye ruta kama Asus RT-N16 ukaona Wi-Fi imeganda kwenye kasi za kale, usihangaike na mipangilio. Weka FreshTomato au DD-WRT, ambazo hutumia draiva za Broadcom wenyewe.

Ukurasa wa kiwanda unakataa faili

Chanzo cha kawaida ni kuchukua faili lisilo lake. Lenye neno "factory" ndilo la kutoka mfumo wa kiwanda kwenda OpenWrt. Lenye "sysupgrade" ni la ruta ambayo tayari iko kwenye OpenWrt.

Kama faili ni sahihi na TP-Link bado inatoa kosa la 18005, au inakataa bila maelezo, fupisha kwanza jina la faili. Baadhi ya kurasa zao hushindwa na majina marefu ya OpenWrt, liite `fw.bin` ujaribu tena. Likikataliwa tena, linganisha eneo: baadhi ya modeli zina faili la Marekani na la Ulaya, na mfumo wa kiwanda hukagua alama hiyo. Na kabla ya yote hayo, kagua kwamba upakuaji haukukatika njiani:

`sha256sum fw.bin`

Tokeo lilingane herufi kwa herufi na lililochapishwa kando ya faili. Lisipolingana, pakua upya.

Kuflashi kumekwisha, taa zinawaka, lakini hakuna kinachofunguka

Usichomoe umeme. Baada ya kuflashi mara ya kwanza mfumo hutengeneza sehemu ya kuandikia kwenye flashi, na kwenye chipu za polepole kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Ipe dakika tano kamili.

Kisha kumbuka kwamba OpenWrt mpya huja na Wi-Fi imezimwa. Kutafuta jina la mtandao kwenye simu hakutakusaidia. Chomeka kebo kwenye tundu la LAN, si la WAN, na ufungue `http://192.168.1.1`. Kama ulizoea anwani ya kiwanda ya 192.168.0.1, hiyo haipo tena. Kompyuta isipopewa anwani, iwekee mwenyewe 192.168.1.2 na barakoa 255.255.255.0, kisha uipigie ping uone kama ruta inajibu.

Ping ikijibu lakini kivinjari hakifungui, ingia kwa SSH (njia ya kuendesha ruta kwa amri za maandishi) kama root bila nywila. Matoleo ya majaribio yaitwayo snapshot hayana LuCI, yaani ukurasa wa wavuti, hivyo kukosekana kwake si ugonjwa.

Ingia na upate ujumbe `no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa`? Ruta ni nzima; kompyuta yako ndiyo mpya mno kwa funguo zake. Tumia:

`ssh -o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa root@192.168.1.1`

Vivyo hivyo, scp ikilalamika kwamba `sftp-server` haipo, ongeza herufi moja: `scp -O`. Matoleo mapya ya OpenSSH hunakili kwa itifaki ya SFTP, ambayo OpenWrt haina kwa kawaida.

Ping haijibu, au umejifungia nje kwa mipangilio yako

Hapa failsafe, hali ya dharura ya OpenWrt, ndiyo dawa, na haifuti chochote hadi wewe mwenyewe uamue. Weka kompyuta kwenye 192.168.1.2, chomeka LAN, washa ruta. Taa ya mfumo itaanza kumetameta. Hapo bonyeza kitufe chochote cha ruta, kwa kawaida riseti au WPS. Ukifanikiwa taa itameta kwa kasi kubwa zaidi. Muda wa kubonyeza ni sekunde chache tu, kwa hiyo ukishindwa kuulenga, bonyeza na kuachia mfululizo tangu umeme unapoingia. Usikishikilie: kwenye ruta nyingi, riseti iliyoshikiliwa wakati wa kuwasha huita butiloda, na hiyo ni njia nyingine kabisa.

Ndani ya failsafe (SSH bila nywila, matoleo ya kale sana hutumia telnet) andika `mount_root` ili uione mipangilio yako. Sasa unaweza kurekebisha `/etc/config/network` kwa mkono, kubadili nywila kwa `passwd`, au kusafisha kila kitu:

`firstboot -y && reboot -f`

Failsafe ikiingia, keneli na flashi vinafanya kazi, na kilichoharibika ni mipangilio. Hakuna haja ya kuflashi.

Failsafe haiingii: kurudi kupitia butiloda

TP-Link nyingi za kizazi cha WR841N v9 na Archer C7 v2 zina uokoaji wa TFTP (itifaki rahisi ya kutuma mafaili) ambamo ruta ndiyo inayokuja kuomba faili kwako. Wengi hukwama hapa kwa sababu ndogondogo, kwa hiyo fuata kila hatua.

Ipe kompyuta anwani 192.168.0.66, barakoa 255.255.255.0. Zima ukuta wa moto wa kompyuta, maana huo ndio mzuiaji mkuu. Washa seva ya TFTP, na ndani ya folda yake weka faili kwa jina lile lile ambalo butiloda italiomba: `wr841nv9_tp_recovery.bin` kwa v9, `ArcherC7v2_tp_recovery.bin` kwa C7 v2. Herufi kubwa na ndogo zina maana. Zima ruta, shikilia riseti, washa umeme huku ukishikilia, endelea kwa takriban sekunde kumi, kisha achia.

Acha `tcpdump` au Wireshark, programu za kuonyesha paketi zinazopita, ikisikiliza kwenye kebo muda wote huo. Ukiona ruta inauliza nani mwenye 192.168.0.66, butiloda iko hai. Ukiona ombi la faili lenye jina tofauti na lako, badili jina. Usipoona chochote, pengine kadi ya mtandao ya kompyuta inachelewa kuamka kila ruta inapowashwa, na ombi linapita kabla haijawa tayari. Weka swichi ndogo kati ya ruta na kompyuta ili upande wa kompyuta ubaki umeunganishwa. Dawa hii imerudisha ruta nyingi zilizokwisha kukatiwa tamaa.

Ukitaka kurudisha mfumo wa kiwanda na jina la faili lake lina neno "boot", usilitume kama lilivyo. Ndani yake mna butiloda, na ikiandikwa mahali pa mfumo, ruta haitaamka. Kata sehemu hiyo ya mwanzo:

`dd if=asili.bin of=safi.bin bs=512 skip=257`

Kwenye Netgear nyingi mambo hugeuka: ruta ndiyo seva, wewe ndiye unayetuma. Shikilia riseti wakati wa kuwasha hadi taa ya umeme imete, kisha tuma faili kwa TFTP kwenda 192.168.1.1 kwa hali ya binary. Programu ya nmrpflash hufanya kazi hiyo kwa wepesi zaidi kwa modeli zinazoikubali. D-Link kadhaa, DIR-825 B1 ikiwemo, hufungua ukurasa wa uokoaji kwenye 192.168.0.1 zikiwashwa na riseti imeshikiliwa.

Kwa WRT54GL tazama TTL, namba inayoonekana kwenye kila jibu la ping. Jibu lenye TTL=100 linatoka kwa butiloda ya CFE; TTL=64 linatoka kwa Linux. Ruta ikijibu 100 bila kuhama, mfumo haupandi, na hapo ndipo pa kutuma faili kwa TFTP.

Mipangilio inapotea kila ikizimwa

OpenWrt huweka mfumo kwenye sehemu isiyoandikika ya squashfs, na juu yake tabaka la kuandikia liitwalo overlay. Tazama:

`df -h`
`mount | grep overlay`

Ukiona overlay iko juu ya tmpfs, kila unachobadili kinakaa kwenye RAM na kufa na umeme. Mara tu baada ya kuflashi, logi inaweza kusema `jffs2 not ready yet, using temporary tmpfs overlay`, subiri tu. Hali ikibaki hivyo baada ya dakika kumi na kuwasha upya, flashi imejaa. Kwenye MB 4, mfumo wenyewe unaweza kumaliza karibu nafasi yote na kuacha overlay isiyotosha kitu.

Watu wengi hujaribu kufuta vifurushi vilivyokuja na mfumo ili kupata nafasi. Haisaidii. Vilivyo ndani ya squashfs havifutiki. Overlay huandika tu alama kwamba vimefichwa, na alama hiyo nayo inachukua nafasi. Njia ya kweli ni kuunda faili lako kwa Image Builder, chombo cha OpenWrt cha kompyuta, ukitoa usivyohitaji kwa alama ya kutoa. Ruta inayosambaza Wi-Fi tu haina haja ya PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa intaneti kwa jina na nywila):

`make image PROFILE=jina PACKAGES="-ppp -ppp-mod-pppoe"`

Kifurushi kikiwekwa ndani ya squashfs hivi hubanwa zaidi kuliko kikiongezwa baadaye kwa opkg, kisakinishi cha vifurushi. Kwa ruta yenye USB na flashi ya MB 8, unaweza pia kuhamishia overlay kwenye diski ya USB, mradi kuna nafasi ya kuingiza `block-mount`, `kmod-usb-storage` na `kmod-fs-ext4`.

opkg inagoma

`wget returned 4` ni tatizo la mtandao: ruta yenyewe haina intaneti au DNS. Jaribu ping kwa anwani ya namba, kisha kwa jina.

`wget returned 5` ni cheti cha usalama kukataliwa, na mara nyingi sababu ni saa. Ruta hizi hazina betri ya saa. Zikiwashwa huanza na tarehe ya zamani hadi NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) izisahihishe. Andika `date`. Ikiwa nyuma, irekebishe kwa mkono, kisha uchunguze kwa nini NTP haifiki.

Ukiambiwa kifurushi cha `kmod` (moduli ya keneli) kinataka keneli tofauti na yako, unachanganya matoleo. Kwenye snapshot hutokea siku chache tu baada ya kuflashi, kwa sababu hazina ya vifurushi imeshasonga mbele. Usilazimishe, flashi toleo jipya. Wala usiendeshe `opkg upgrade` kwa vifurushi vyote kwa mkupuo: hujaza overlay na huweza kuacha mfumo nusunusu.

Ruta inafunguka, intaneti hakuna

Kagua kwanza mgongano wa anwani. Modemu ikiwa na 192.168.1.1 na OpenWrt nayo 192.168.1.1, ruta haiwezi kujua upande upi ni upi. Hamisha LAN:

`uci set network.lan.ipaddr='192.168.2.1'`
`uci commit network`
`service network restart`

Kisha chomoa na urudishe kebo ya kompyuta ili ipate anwani mpya. Modemu nyingine hushikilia MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ya kifaa cha kwanza ilichokiona, hivyo izime kabisa kwa dakika chache. Kwenye PPPoE, kurasa baadhi zikifunguka na nyingine zikining'inia, angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi: ni 1492, si 1500, na eneo la wan kwenye ukuta wa moto liwe na `mtu_fix` yenye thamani 1.

Wi-Fi haionekani, au ipo lakini ni dhaifu

Iwashe kwanza:

`uci set wireless.radio0.disabled='0'`
`uci commit wireless`
`wifi reload`

Weka pia herufi mbili za nchi ulipo. Bila msimbo wa nchi redio hufuata masharti ya dunia nzima, na chaneli nyingi za 5 GHz hukatazwa kuanzisha mtandao. Chaneli zenye ukaguzi wa rada husikiliza kwa sekunde 60 kabla ya kutangaza jina, na kwa kanuni za Ulaya chaneli 120 hadi 128 husubiri dakika 10. Redio inayosubiri hivyo huonekana kama imekufa. Ukiwa na shaka, jaribu chaneli 36.

Kasi ikigota kwenye 54 Mbps, tazama usimbaji: 802.11n hairuhusu kasi zake kwa WEP wala TKIP. Chagua WPA2 na CCMP. Kifaa kizee kikikataa kuunganika peke yake, rudisha kutoka mchanganyiko wa WPA2/WPA3 hadi WPA2 tupu.

Logi ikisema `no band has been marked as supported in EEPROM`, sehemu ya flashi iitwayo art imeharibika. Humo ndimo ilimo vipimo vya redio vya kifaa hicho kimoja tu, na nakala ya ruta nyingine haitoshi. Chukua nakala yake leo, ruta ikiwa nzima. Tafuta namba kwenye `/proc/mtd`, kisha kama ni mtd5:

`dd if=/dev/mtd5 of=/tmp/art.bin`

Kwenye MediaTek sehemu hiyo huitwa factory. Itoe kwenye ruta kwa scp, maana `/tmp` ni RAM.

Kasi imeshuka kuliko mfumo wa kiwanda

Mifumo mingi ya kiwanda hupitisha data kwa njia za mkato za NAT (kubadili anwani kati ya nyumbani na intaneti) ambazo Linux ya kawaida haina. Endesha `top` huku ukipakua faili kubwa. `sirq` (muda wa prosesa unaoliwa na kushughulikia paketi) ikikaribia asilimia 100, prosesa imefika mwisho wake. Washa software flow offloading, njia ya mkato ya paketi ya OpenWrt, kwenye ukuta wa moto (ipo tangu 18.06), na kwenye MT7621 unaweza kuwasha ile ya hardware. Lakini SQM, mpangaji wa foleni za paketi, haiendi pamoja nazo: huwezi kupanga foleni za paketi ambazo hazipiti kwako. Chagua moja. Prosesa ikiwa imetulia na kasi bado ni ndogo, tafuta kwingine: kebo yenye waya mmoja uliokatika hushusha gigabiti hadi 100 Mbps.

Inajizima na kujiwasha

Shuku adapta kabla ya programu. Adapta ya miaka kumi huonyesha volti sahihi ikiwa haina mzigo, kisha hushuka Wi-Fi inapofanya kazi. Ipime ikiwa imechomekwa kwenye ruta. WR841N v9 inataka 9 V na 0.6 A, ukibadili, volti zilingane, ampea zinaweza kuzidi. Ndani ya kasha, kapasita zilizovimba kichwani zibadilishwe.

Adapta ikiwa salama, tafuta RAM iliyokwisha. Logi hufutika ikizimwa, hivyo ielekeze kwenye kompyuta inayopokea syslog:

`uci set system.@system[0].log_ip='192.168.1.2'`
`uci commit system`
`service log restart`

Ukikuta `Out of memory`, punguza huduma na uweke `zram-swap`, inayobana data ndani ya RAM. Kwenye MB 32, LuCI na redio peke yake zinatosha kuibana.

Kupandisha toleo kunakataliwa

Ruta za Atheros zilihama kutoka kundi la mafaili la ar71xx kwenda ath79, na baadhi ya nyingine zilihama kutoka swconfig kwenda DSA, namna mpya ya kuendesha swichi ya ndani, kuanzia 21.02. Mipangilio ya zamani ya mtandao haifai huko. Usiibebe: `sysupgrade -n`, kisha panga upya kwa mkono. Ujumbe ukisema kifaa hakitambuliwi, hakikisha jina la modeli na toleo lake kabla ya kugusa `-F` (ya kulazimisha), kwa sababu alama hiyo huondoa kinga pekee iliyobaki. Faili likishindwa kupakiwa kwa uhaba wa RAM, fanya kwa SSH: `wifi down`, `service uhttpd stop`, kisha `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`.

Butiloda pia kimya kwenye mtandao

Sasa ndipo kasha linafunguliwa. Tumia adapta ya UART (lango la serial la bodi) ya 3.3 V, 115200 8N1. Unganisha GND, TX kwa RX na RX kwa TX. Waya wa VCC uache wazi. Volti 5 zinaweza kuua chipu. Kwenye TP-Link za Atheros, andika `tpl` haraka ujumbe wa `Autobooting` unapotokea. Kwa ruta ya MB 4:

`tftpboot 0x80000000 fw.bin`
`erase 0x9f020000 +0x3c0000`
`cp.b 0x80000000 0x9f020000 0x3c0000`
`bootm 0x9f020000`

Soma mstari wa erase mara mbili kabla ya kubonyeza. Ukianzia 0x9f000000 unafuta butiloda. Ukizidisha urefu unafika kwenye art. Kwa MB 8 urefu ni 0x7c0000.

Skrini ikibaki tupu hata kwa UART iliyounganishwa vizuri, kilichobaki ni kuandika chipu ya flashi moja kwa moja kwa CH341A (kifaa cha kuandikia chipu) na kibanio cha SOIC-8. Bodi nyingi nyeusi za CH341A hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data hata chipu ikiwa ya 3.3 V, kwa hiyo pima kabla ya kubana. Soma chipu mara mbili, ulinganishe nakala hizo kwa sha256sum, na zikilingana ndipo uandike: butiloda mwanzoni, mfumo katikati, na art yako mwenyewe mwishoni.